Gesi ya Jikoni Ndani ya Gari la Baba Mdogo

Viyoyozi vya magari nilijifunza kwenye simu, nyuma ya nyumba yetu Kilwa Masoko, kanga za mama zikinidondoshea maji shingoni. Sijawahi kukaa darasani kwa ajili ya kazi hii, na labda ndiyo sababu nilikuwa naikagua kuliko waliosomea. Nikifunga nati, naifungua nifunge tena. Nikishaingia ndani kula, natoka kwenda kuangalia kama kweli nimeifunga. Mama alisema nina maradhi. Mimi nilisema ni umakini.

Baba mdogo alikuwa na gari dogo la abiria, Masoko mpaka Lindi na kurudi. Abiria walitaka baridi, na baridi ilikuwa inakula mafuta. Kwenye vilima gari lilihema kama mtu aliyebeba gunia. Anazima AC, abiria wananung'unika, anawasha, anazima tena.

"Wewe si fundi?" aliniambia. "Nipatie baridi isiyokunywa petroli."

Nikaipata. Kwenye simu kulikuwa na mtu aliyeeleza kwamba ukiweka gesi ya kupikia badala ya ile ya kiyoyozi, kompresa, ile pampu ya kiyoyozi, inazunguka kwa wepesi na injini haisumbuki. Nilimwamini kwa sababu alikuwa anaongea taratibu. Nikaongeza na la kwangu: nikaziba kabisa njia ya hewa ya nje, ili hewa ileile iliyokwisha kupoa izunguke ndani na kompresa ipumzike. Baba mdogo nilimwambia nimeweka gesi nyepesi. Hakuuliza zaidi, nami sikutaka aulize.

Nilipaka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya mabomba, na kesho yake nikapaka tena. Hakuna hata kipovu kilichovimba. Lakini kuna kipande kinachopoza hewa, evaporeta, ambacho hukaa ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria, na kukifikia lazima uing'oe dashibodi yote. Niliogopa kuvunja vishikizo vya plastiki, ubaki mwanya, baba mdogo auone, kwa hiyo huko sikupaka povu. Nakiri kwamba hilo ndilo nililoogopa. Mwanya.

Mafuta yalipungua kweli. Stendi baba mdogo alinitaja mpaka madereva wengine wakaanza kuniita injinia. Asubuhi moja nilifungua mlango wa gari nikakutana na harufu ya gesi, hafifu, kama ya jirani anayebadilisha mtungi. Nikajiambia ni jirani. Nikaacha milango wazi kidogo, nikafuta vioo, nikafuta tena.

Kisha ikaja siku ya kumpeleka binti wa baba mdogo kwa mumewe, mtaa wa Rasbura, Lindi. Baba mdogo aliendesha, mimi nikakaa mbele. Nyuma alikaa dada yangu, huyo bi harusi, amefunikwa ushungi mpaka kidevuni, na shangazi yetu, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha anafika akinukia. Mfuko wenye chetezo, ubani na udi aliupakata kama mtoto. Vioo vyote vikapandishwa, maana bi harusi haonwi njiani, na upepo ungemharibia asumini za kichwani. Baridi ikafunguliwa mpaka mwisho.

Tulipopita Nangurukuru harufu ikaja. Hapakuwa na jirani wa kumsingizia.

"Nani kala mayai humu?" akauliza shangazi. "Ni wewe, fundi?"

"Mwache, shangazi," bi harusi akasema chini ya ushungi. "Mtu hajaoa, atakula nini zaidi ya mayai?"

Baba mdogo akacheka. "Hiyo ni harufu ya akiba. Zamani hapa ningekuwa nimeshaongeza mafuta."

Nikacheka na mimi. Tulicheka wote wanne, vioo vimefungwa.

Nilijua kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Inashuka chini na kulala. Nilitazama miguu yangu, kisha nikageuka kidogo nikaona miguu ya dada yangu, hina bado nyeusi, imetulia sakafuni. Nikashusha kioo changu upana wa kidole.

"Funga," akasema shangazi. "Nywele zake."

Nikafunga. Kila nilipotaka kusema, niliyasikia maneno yenyewe kwanza, nikausikia na ukimya ambao ungefuata, na stendi nzima ikijua. Nikangoja kilima kipite. Kikapita, nikangoja kingine.

"Kichwa kinanigonga," bi harusi akasema.

"Ndiyo harusi yenyewe hiyo," akajibu shangazi. "Mimi nilitapika mpaka getini kwa mkwe."

Baada ya Mchinga nikasikia mfuko unafunguliwa. "Tunakaribia. Ngoja nimfukize kidogo, asifike ananuka mayai ya fundi." Alikuwa na yale makaa ya vidonge yanayoshika kwa njiti moja. Nikasikia kiberiti kikitikiswa.

Niligeuka nikamkamata shangazi mkono. Sijawahi kumshika hivyo mtu mzima.

"Usiwashe."

"Una wazimu wewe?"

"Kuna gesi."

"Gesi gani?" Huyo alikuwa baba mdogo, macho bado barabarani.

"Ya jikoni. Kwenye AC. Inavuja."

Aliegesha polepole, kama vile chini yetu kuna mayai kweli. Akashuka, akafungua milango yote, akamtoa binti yake kwa mkono mpaka kwenye majani, mbali. Malori yalipita, madereva wakapiga honi kwa kumwona bi harusi kando ya barabara, na upepo ukamvua ushungi mbele yao. Shangazi alisimama amekifumbata kiberiti, hathubutu hata kukitia mfukoni.

Baba mdogo hakunitukana. Alizunguka gari, akarudi, akauliza jambo moja tu: "Umemwekea nani mwingine?"

Tuliingia Rasbura vioo vimeshushwa, bi harusi amejaa vumbi. Wenyeji walipomtazama, shangazi aliwaambia gari lilichemka. Alidanganya kwa ajili yangu bila kunitazama. Udi uliwashwa uani, mbali na gari.

Tuliporudi niliitoa ile gesi kiwanjani, nikaing'oa dashibodi. Nyuma yake, kwenye kiungo kimoja, palikuwa na doa la oili, pana kama ukucha; hapo ndipo gesi ilipokuwa inavujia. Vishikizo viwili vilivunjika.

Jibu la swali la baba mdogo lilikuwa kijijini Miteja. Mkulima mmoja wa ufuta alisikia sifa zangu stendi, akaniletea gari lake nikamfanyia vilevile. Nilimkuta kwake, amekaa ndani ya gari, injini inaunguruma, vioo juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi wangu. Umefuata asante?"

Nilimweleza yote. Nilisimulia hata mkono wa shangazi. Akanusa kwa adabu.

"Sisikii kitu. Ila pua yangu ya tumbaku."

"Nipe muda kidogo tu, mzee, niitoe."

"Halafu utanitia ipi? Ile iliyokuwa inanikaushia tangi?"

"Hakuna. Utafungua vioo."

"Kijana, mimi nimenunua gari ili nifunge vioo."

"Basi usivute sigara humo ndani. Tafadhali."

"Hilo tutalitazama." Mke wake alikuwa anamngoja ampeleke parokiani. Nilipoendelea kuushikilia mlango alinionea huruma, akashusha kioo chake na kutoa kiwiko nje. "Haya. Umeridhika?"

Nikauachia mlango. Aliondoka taratibu. Alipofika kwenye kona nikaona kiwiko kinarudi ndani, kisha kioo kikapanda.