Samaki wa Kwanza wa Leona

Nilitoka mjini Baraka kwa kukimbia bunduki, si kwa kuitamani Amerika. Tulivuka ziwa hadi Kigoma, tukawekwa kambini, na kambini ndiko nilikomalizia sekondari, nikaoa, nikaachwa. Jina langu lilipobandikwa ubaoni, kwenye orodha ya wanaohamishiwa Amerika, nilipanda basi hadi uwanja wa ndege, kisha ndege moja baada ya nyingine, nikiwa nimekumbatia mfuko wa karatasi zangu kama mtoto mchanga. Nilishukia Dallas. Joto, barabara pana, na hakuna maji hadi macho yanapokoma.

Huko nilikaa kitongoji cha DeSoto, nikipakia maboksi ghalani. Mtu wa ziwani akikaa mbali na maji huwa kama mgonjwa asiyejua anaumwa wapi. Kwa hiyo niliposikia kanisani kwamba kuna mradi unatafuta dereva anayejua nyavu, sikuuliza mara mbili. Ulikuwa wa kuwaandaa vijana wa makabila ya asili ya nchi ile, waliokuwapo kabla ya wazungu, wapate kazi za uvuvi na rasilimali za bahari. Msimamizi wake alikuwa Mkenya, Mwangi, mtu wa suti na simu mbili.

"Mzee, wewe uta-drive van na kuwaonyesha kushona nyavu. Hiyo tu," aliniambia. "Na usiwapigie story za vita."

Asubuhi ya safari ya Houston, kwenye mafunzo ya baharini, Leona, mmoja wa vijana hao, alikaa mbele pamoja nami. Alikuwa amemaliza shule mwaka uliopita. Watu wake walikuwa wa pwani, wakafukuzwa kwenda bara kabla bibi yake hajazaliwa.

"Uncle, eti kwenu samaki wanafuata taa?" alinicheka. "Samaki wenu wajinga."

"Wenu je, wanaokula plastiki?"

Meli moja ya utafiti, inayohesabu samaki wa ghuba, ilikuwa na nafasi moja ya kazi ya kudumu kwa kijana atakayefaulu mtihani. Wenzake waliizungumzia kwa mzaha. Leona hakufanya mzaha nayo. "Nikiipata," alisema, "nitakuwa wa kwanza wa nyumbani kwetu kurudi baharini."

Houston nilifikia mtaa wa Sharpstown, kwa Mama Neema, mwanamke wa Uvira anayetunza wazee. Alinipikia foufou, ugali wa kwetu, na ndagala, yaani dagaa, wa friji.

"Papa, unafundisha watoto wa wenyewe kuvua, na wewe unakula samaki wa mwaka jana!" Wanawe wakacheka kwa Kiingereza.

Siku ya ufunguzi wa mafunzo, pwani, walikuja wageni na kamera. Mwangi akamwomba Leona aonyeshe desturi ya kwao: samaki wa kwanza kutoka majini huambiwa maneno machache, kisha hurudishwa akiwa hai kabla hajaguswa mwingine. Leona akafanya. Wageni wakapiga makofi, na picha yake ikabandikwa ubavuni mwa gari letu. Tangu siku hiyo, kila tulipofanya mazoezi, samaki wake wa kwanza alirudi majini. Hakuna aliyemkataza.

Siku ya mtihani bahari ilikuwa imetulia. Kila kijana alipaswa kuvuta wavu na kupima samaki mbele ya mtu wa meli. Wavu wa Leona ulipanda na samaki mwekundu, mwenye doa jeusi mkiani, mkubwa kuliko wote wa siku ile. Akamshika kwa mikono miwili, akamnong'oneza, akamwachia.

"Urefu?" mtu wa meli akauliza.

"Ameenda. Nitapima anayefuata."

Wavuni hakukuwa na anayefuata. Mtu yule alisema kazi ya meli ni kupima kila kinachopanda, na atupaye sampuli hawezi kuaminiwa. Nafasi akapewa kijana aliyetapika njia nzima.

Nilimfuata Mwangi. "Mwambie yule mtu kwamba ni sisi tuliomruhusu. Ajaribiwe tena."

"Mzee, ile ilikuwa ya wageni. Hii ni kazi."

"Ulimweleza tofauti hiyo?"

"Si angejua tu!"

"Na picha yake kwenye gari?"

"Picha iko poa. Tutaiacha."

Leona wakamtafutia kazi kwenye ghala la baridi huko Stafford, kufungasha kamba wa kuliwa waliofugwa mabwawani Asia. Mwangi akamtangaza kanisani kuwa mmoja wa vijana wetu waliopata ajira ya bahari. Watu wakasema amina.

Mwangi aliponituma Dallas kuchukua kundi jipya, niliweka funguo za gari mezani, nikaacha kazi. Nilikuwa nimechoka kuendesha uso wa yule msichana barabarani. Ndugu zangu wa Baraka, nawaandikia kwa sababu miradi kama hii itafika kwetu pia. Watawaomba watoto wenu ngoma na desturi siku ya sherehe. Waulizeni siku hiyohiyo, mbele ya kamera, ni desturi ipi itakayomkosesha mtoto kazi.

Siku niliyoondoka Texas moja kwa moja, nilipitia Stafford kuaga. Jua lilikuwa linachoma. Leona akatoka amevaa koti zito, nyusi zina ukungu wa barafu.

"Unaacha, Uncle?"

"Naacha. Na wewe?"

Akatazama magari. "Bibi hupiga simu kila Jumapili, anauliza meli ikoje."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia ni kubwa."

Kengele ikalia ndani. Akavaa glavu zake, akarudi kazini.