Muuza Utomvu wa Msonobari

Mama muuza marhamu ya vidonda wa sokoni kwetu huyeyusha utomvu wa msonobari pamoja na nta, huku akiwatania wateja kwa sauti yenye mikwaruzo. Vidole vyake vinanata kutwa. Akikupa mkono, kuachana ni kazi. Hauzi kabla ya kunusa kidonda, na kwanza hujisugua mikono kwa mafuta kuondoa utomvu, ili harufu ya msonobari isimdanganye. Jana dereva mmoja alirudi kutaka kopo la pili. Mama huyo akainama, akanusa kidonda kwenye kidole cha mguu cha dereva, akanyanyuka bila utani.

“Sikuuzii, baba. Kinaoza kwa ndani. Nenda hospitali leo hii, usije ukakatwa mguu.”

“Biashara imekuchosha, mama? Mwenzako pale ataniuzia.”

Akachechemea kuelekea meza ya jirani, ya mwanamke ambaye muuza marhamu hajamsalimu tangu wagombanie nafasi ya meza.

“Shoga!” muuza marhamu akaita. “Usimuuzie huyo, nakuomba.”

Jirani akamtazama muuza marhamu, kisha akautazama mguu wa dereva. Akayafunika makopo yake yote kwa kitambaa, akamgeukia dereva.

“Si umemsikia dada yangu?”