Mkeka wa Visima Viwili

Nilipoolewa Mtongwe nikitokea Kisauni, niliambiwa mengi juu ya mkwe wangu, mama wa mume wangu: kwamba ni mkali, kwamba hapendi mchuzi mwepesi, kwamba akisema jambo limekwisha basi limekwisha. Yote yalikuwa kweli. Lakini hakuna aliyenieleza habari ya mkeka, nami laiti ningaliijua ningaliomba harusi iharakishwe.

Mtaa wetu ulikuwa mdogo, nyumba chache za makuti kando ya njia moja iliyoteremka kutoka mashambani mpaka ufuoni, na msikiti katikati. Kila mwaka kabla ya Ramadhani wanawake walishona mkeka mpya wa msikiti. Kila nyumba ilisuka ukili wake, ule utepe mrefu wa ukindu, kwa nakshi ambayo nyumba nyingine haikuiga. Siku ya kushona tulikusanyika uani kwa mmoja wetu, na kili zikaunganishwa kwa kuifuata njia: nyumba iliyojengwa kwanza huanza, ya pili hufuata, jirani kando ya jirani yake.

Utamu wenyewe ulikuwa hapa. Kabla ya ukili kushonwa, mwanamke wa nyumba ile alisimama nao mkononi akaeleza habari za kwao: nani alikuja, alitoka wapi, alifyeka wapi, alimwoa nani, kazikwa wapi. Wengine walikuwa na ruhusa ya kumkatiza, na walimkatiza kwelikweli! "Muongo huyo! Babu yenu hakuja na kundi la mbuzi, alikuja na mbuzi mmoja, tena kiwete!" Watu wakacheka mpaka machozi, mwenye nyumba akabisha, kisha akakubali yule mbuzi kiwete. Wote wakisharidhika ndipo shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, ilipopita. Hakuna aliyeruhusiwa kuisemea nyumba ya mwenziwe, na nyumba isiyosemewa haikushonwa.

Mimi kwetu mikeka tulinunua sokoni, tukaikalia, ikachakaa, tukanunua mingine. Kukaa uani na kusikia mtaa mzima ukisimuliwa ukili kwa ukili, kuanzia kichaka mpaka mtoto aliyezaliwa juzi, kulinitia wazimu wa furaha. Usiku ule nilimweleza mume wangu habari za ukoo wake mwenyewe mpaka akageukia ukutani.

Mwaka wa pili mkwe wangu alilalamikia magoti yake akaniambia, "Safari hii utasimama wewe." Nikajifunza. Nilisema nikipalilia muhogo, nikasema nikikuna nazi, nikawasemea kuku. Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kisima: jinsi babu wa mume wangu alivyochimba mwaka wa ukame, watu wakimcheka kwamba anachimba kaburi lake, mpaka siku maji yalipomfika magotini. Hapo nilikuwa nikiinua sauti bila ya kukusudia.

Tatizo ni kwamba kisima hicho kilikuwa na mwenyewe mwingine. Bibi mmoja mjane wa nyumba ya kwanza, ile ya juu kabisa njiani, alishikilia kwamba kisima kilichimbwa na baba mkwe wake. Kila mwaka yeye na mkwe wangu walikivuta huku na huku. Mwaka mmoja, kabla sijaolewa, mkwe wangu alimkatalia katakata: shazia haipiti mpaka kisima kitoke. Bibi yule aliukunja ukili wake, akauweka kwapani, akaenda zake. Haukupita muda akahamia Changamwe kwa mwanawe aliyefanya kazi reli. Tangu hapo mkeka ukawa unaanzia nyumba ya pili, na mkwe wangu akawa wa kwanza kusema kwamba mkeka umependeza.

Kisha ikaja habari ya kuhama. Vita vilikuwa vimepamba moto, bandari imejaa manowari, na tukaambiwa kwamba pwani yetu inatakiwa kwa kambi. Mavuno yakiisha tuwe tumeondoka. Wengine walikuwa na jamaa Likoni, wengine walisema watakwenda ndani zaidi, wengine hawakujua. Wanaume walikaa barazani kuzungumza miti na makuti ya nyumba mpya. Wanawake tulikaa kuzungumza mkeka.

Nitasema kweli, wenzangu walilia kwa sababu ya kuhama, nami nililia nao, lakini ndani yangu nilikuwa nachemka. Kwa sababu mkeka wa mwaka ule ulikuwa umegeuka kuwa kitu kingine. Siku zote ukisahau nani alifuata nani, ulitoka nje ukaitazama njia. Sasa njia ilikuwa inaondoka. Mkeka huo ndio ungekuwa njia, na watoto wetu huko waendako wangeujua mtaa wao kwa kuukalia. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya watu wazima, nikaona vichwa vinageuka.

"Mwari huyu ana maneno," akasema mmoja.

Mkwe wangu alikuwa anachambua ukindu. Hakuinua uso. "Mkeka usio na nyumba ya kwanza," akasema, "ni mkeka wa watu wa kuokotwa."

Wote tulijua ni nani aliyeifukuza nyumba ya kwanza, na sasa ni yeye huyo huyo aliyesema hivyo.

"Mimi nitakwenda Changamwe," nikaropoka.

"Nenda," akasema. "Lakini usimwahidi kisima."

Asubuhi mimi na wifi yangu tuliingia mtumbwi wa mvuvi mmoja jirani, tukavushwa hori, ule mkono wa bahari, mpaka ng'ambo, tukapanda mlima kwa miguu. Changamwe ilinukia mafuta na moshi wa garimoshi. Malori ya jeshi yalipita yakitumwagia vumbi, mabuibui yetu yakageuka mekundu, na wifi akawa ananilaumu njia nzima. Sikumsikia. Nilikuwa nafikiri jinsi nitakavyosema.

Tulimkuta kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi, mlango karibu na bomba la maji, amekaa kwenye kigoda anachagua mchele. Mdogo wa mwili, macho makali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nyinyi ni wa nani?"

Tukamwambia. Akarudi kwenye mchele wake. Nikamweleza kuhama, kambi, mkeka, yote kwa pumzi moja. Akatupa kijiwe, akanyoosha kidole kwenye bomba.

"Wayaona maji haya? Wafungua, yaja. Wafunga, yakoma. Nimewauliza jirani zangu, ni nani aliyeyaleta hapa? Hakuna ajuaye. Wanywa tu. Mwaka wa kwanza nalikuwa siyawezi, yakinikwama hapa." Akajishika koo. "Haya, kisima nikisemeje huko?"

"Sikutumwa kuahidi kisima, Bibi."

"Umetumwa na nani? Na yule?"

"Ndiye."

"Yuwanitaka nije?"

Nilitamani kusema uongo, wallahi, na uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni. Lakini macho yale yalikuwa yananitazama. "Kasema mkeka usio na nyumba yenu ni mkeka wa watu wa kuokotwa."

Bibi akaacha kuchagua mchele. Akaingia ndani, tukamsikia anavuta kitu uvunguni. Alirudi amekumbatia kili zilizokunjwa, si mmoja, bali mmoja kwa kila mwaka aliokosa, zote kwa nakshi ya nyumba yake, nyingine zimeanza kupauka. Alikuwa amezisuka hapo hapo mlangoni kando ya bomba, kila mwaka kabla ya Ramadhani, bila ya mtu wa kumwomba. Wifi yangu, aliyekuwa amenilaumu mlima mzima, akaanza kulia. Mimi nilikuwa nacheka kwa furaha.

"Nitakuja," akasema. "Nisisemewe na mtu. Na kisima nitakisema. Asiyetaka asishone."

Siku zilizofuata sijui nililala saa ngapi. Dukani walitwambia rangi haiji, meli zimeshughulika na askari. Basi tukachemsha maganda ya mikoko mpaka maji yakawa kama chai nzito, tukatia ukindu humo. Kila nyumba ikawa na wekundu ule ule wa mkoko, tukatofautiana kwa nakshi tu. Vidole vyetu vilikuwa vyekundu tukila, vyekundu tukisali. Wanaume walitudhihaki kwamba tumepaka hina ya mkeka.

Siku ya kushona Bibi alishuka mtumbwini mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. Alipoingia uani mkwe wangu alisimama. Magoti yale ya kulalamikiwa hayakuuma siku hiyo. Wakasalimiana kwa heshima zote, hujambo sijambo, habari za huko njema, kisha kila mmoja akakaa upande wake.

Nilikuwa nimepewa shazia nishone.

Bibi akasimama na ukili wake mpya. Akasema nani alikuja na alitoka wapi. Akasema mahali pa moto wa kwanza na mtoto wa kwanza kuzikwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, tukainama wote kuisikia. Kisha akasema, "Mwaka wa ukame baba mkwe wangu alichimba kisima, na mtaa wote ukanywa." Alikuwa anangoja kukatizwa.

Sote tulimtazama mkwe wangu. Alikuwa amejifunika leso mpaka kidevuni. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa kisima kile; mavuno yakiisha kingekuwa ndani ya uzio, asichote maji humo yeye wala Bibi. Mtoto wa mtu alikohoa. Nikaona midomo ya mkwe wangu inafunguka, nikasema moyoni, sasa kumekucha.

"Shona," akaniambia.

Nikashona. Kili zikafuatana, nyumba ya pili, ya tatu, mbuzi kiwete akapita na vicheko vyake, mpaka ikafika zamu yetu. Nikampa wifi shazia, nikasimama. Maneno yalitoka vizuri kama nilivyoyasema kwa kuku. Lakini nilipokaribia kisima nikasita. Ningekisemaje, na mkwe wangu amekiacha kiende mbele ya watu? Nikakiruka. Nikaenda moja kwa moja kwenye harusi ya babu.

"Mbona waruka?" Ilikuwa sauti ya Bibi. "Kisima kiko wapi?"

"Kishasemwa, Bibi."

"Kimesemwa changu. Sema chenu."

Nikamtazama mkwe wangu. Hakuweza kunisaidia. Leso ilikuwa imepanda mpaka machoni. Basi nikarudi nyuma, nikakisema kisima chote, kucheka kwa watu, kaburi, na maji yaliyomfika babu magotini, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka ng'ambo. Hakuna aliyenikatiza. Bibi ndiye aliyesema "shona."

Tulihama. Mkeka ulibebwa umeviringishwa kichwani mwa mkwe wangu mwenyewe, ukatandikwa kwenye msikiti wa miti tuliousimamisha upande wa Likoni, na ulipochakaa tukashona mwingine, na mwingine. Walioenda mbali walileta kili zao kila mwaka. Bibi na mkwe wangu wamezikwa karibu karibu. Kila tukishona visima vyote viwili husemwa, na wasemaji sasa ni watu ambao hawakuwahi kuona hata kimoja.

Juzi mjukuu wangu aliyesoma alikuja siku ya kushona. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kando, "Bibi, lakini hasa hasa, kisima kilikuwa kimoja au viwili?"

"Ardhini kilikuwa kimoja," nikamwambia, "nacho kimefukiwa. Shika shazia."