Homa ya Mashini ya Tatu

Fundi wa mtandao wa ofisi yetu hapa Kalembe hamruhusu mtu aingie na viatu kwenye chumba cha seva. Mashini ziko nane, na ndizo zinazounganisha vituo vya afya kutoka Nyamitaba hadi Walikale. Kila saa anazipitia kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama mama anayepima homa ya watoto waliolala, huku akizisemesha moja moja. Tulizoea kumcheka. Kisha, mwaka ule vita ilipofika kwetu, kapiteni mmoja akaingia na watu wake kubeba mashini zote.

"Viatu, Mukubwa," fundi akasema bila kugeuka. "Zinaogopa vumbi."

Sijui kwa nini yule mtu alitii, lakini alivua, na kidole gumba kikachungulia kwenye soksi. Fundi akamshika mkono, akauweka juu ya mashini ya tatu. "Hii iko na homa."

"Mbona iko baridi?" kapiteni akashangaa.

"Njo hiyo sasa ile homa mubaya, Mukubwa, yenye kuleta baridi. Ukiisogeza, inaambukiza zote."

Niliuma midomo: ile ya tatu ilikufa tangu Pasaka. Kapiteni akavua koti lake nene, akaifunika mwenyewe, wakaondoka wakinyata. Asubuhi akatuma askari kuuliza mgonjwa ameamka namna gani.

"Anaendelea," fundi akajibu nyuma ya mlango, "lakini baridi haijamuacha bado." Hakufungua, maana koti alikuwa amelivaa yeye.