Bibi Kijiko Aingia Darasani

Mama yangu mdogo alikuwa mpishi wa chekechea yetu kwa miaka kumi na tisa, na watoto walimwita Bibi Kijiko. Mimi nilikuwa mwalimu. Tena wa pekee, maana mwenzangu alipata kazi kwingine akaondoka hata boksi la chaki hajalimaliza. Niliandikia ofisi ya elimu barua nne kuomba mwalimu. Wakaniletea mkaguzi.

Kanuni yao inataka kila watoto ishirini na tano wawe na mtu mzima mmoja aliyesomea kazi hiyo. Nilikuwa na watoto arobaini na sita. Mkaguzi angenikuta peke yangu, angefunga darasa la wadogo, wale wa miaka mitatu, warudi kushinda vibarazani hadi mama zao watoke kazini. Ndipo nikafanya upuuzi wangu: asubuhi ile nilimvua mama mdogo aproni, nikamvisha gauni langu la vikao na kumkabidhi chaki.

"Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi," alisema.

"Wewe kaa nao tu, mama. Usiseme kitu."

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa ameketi nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu yaguse kidevu. Mama mdogo akaingia. Watoto wote ishirini na mmoja wa darasa lile la wadogo wakainuka, wakachukua vikombe vyao na kupanga mstari mbele yake.

"Bibi Kijiko, sufuria iko wapi?" kibinti mmoja akauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mwalimu, umesomea wapi?" mkaguzi akamuuliza.

Angeweza kutaja chuo chochote. Lakini mama mdogo aliweka chaki mezani. "Sijasomea, mama. Niliishia darasa la saba. Mimi ni mpishi, huyu mtoto wa dada yangu kanivisha tu. Usimlaumu, kazi imemzidi."

Mkaguzi akafungua faili. Kibinti alipoona hakuna chakula akaangua kilio, na mama mdogo akambeba bila hata kufikiri.

"Huyu ana usingizi, saa zake hizi. Yule wa dirishani sikio la kushoto halisikii, ukimwita zungukia kulia. Na yule pale akikataa kula, ujue baba yake kasafiri."

Mkaguzi alishusha kalamu. Mimi mwenye cheti, habari ya lile sikio sikuijua. Wiki nzima nilikuwa nikimsimamisha yule mtoto ukutani nikidhani ni mkaidi. Niliona haya, na mpaka leo naona haya.

"Kanuni ni kanuni," mkaguzi alisema. "Ila inamkubali pia aliye masomoni. Kuna chuo cha ualimu kinachofundisha watu wazima Jumamosi. Narudi baada ya mwezi. Nikikosa barua ya chuo, nafunga."

Watoto walipokwenda kwao, mama mdogo alikaa na fomu ya chuo. Miaka hamsini na minne, mkono umezoea mwiko kuliko kalamu. Nilitaka kumjazia, akaivuta kwake.

"Niache. Leo umeshanisaidia vya kutosha."

Penye sababu ya kutaka ualimu palikuwa na mistari kumi. Nilimtajia maneno mazito ya malezi na makuzi, akanitazama kwa huruma. Kisha akaandika polepole, mstari mmoja tu: "Watoto wanakuja kila siku na mwalimu hayupo."

Nikagonga muhuri wa shule chini yake, machozi yakinitoka.