Milimita Nne za Kibonge

Fundi wa vigae alitoka kliniki Jumatano ile akiwa hashikiki. Alimbeba bintiye begani, akashuka ngazi mbili mbili huku mkewe akimkimbilia nyuma na mkoba wa nepi, na kila waliyepishana naye kwenye korido alitangaziwa habari hata kama hakuuliza. "Kutoka kumi na nne mpaka nne! Milimita nne tu zimebaki!"

Kwenye saiti ya ujenzi wanamwita Milimita, na jina hilo hakulipata kwa hongo. Ni mtu wa kubandua sakafu nzima aliyokwisha kuibandika, kwa sababu kigae kimoja kule nyuma ya choo kimeinuka unene wa ukucha. Mtu kama huyo ukimpa mtoto mwenye kichwa kilichobonyea upande, umempa kazi ya maisha.

Mtoto mwenyewe, Kibonge, alikuwa na miezi kumi. Tangu alipokuwa na mitano alivaa helmeti nyepesi ya plastiki iliyotandikwa sponji ndani, saa ishirini na tatu kwa siku, ikivuliwa ile saa moja tu ya kuoga na kupunga upepo. Ilikigusa kichwa pale palipotokeza na kukiachia nafasi pale palipobonyea, ili kikue kuelekea huko. Na kilikua kweli, Mungu ashukuriwe: tofauti ya pande mbili ilishuka kutoka milimita kumi na nne hadi nne.

Sasa daktari alikuwa amewaachia wao uamuzi. "Helmeti hii imeshakuwa ndogo," aliwaambia. "Mkitaka tuendelee, tunachonga mpya, anavaa miezi miwili mingine. Huenda tukapunguza milimita moja, huenda mbili, huenda tusipunguze kitu, maana kasi ya kukua imepungua. Mkitaka kuacha, mimi sina wasiwasi. Ila mkiacha mmeacha, hatutarudia tena. Nipigieni Jumamosi kabla ya saa sita."

"Sifuri!" fundi alisema walipofika nyumbani, hata viatu hajavua. "Mama Kibonge, tunakwenda mpaka sifuri!"

Mkewe alikuwa akipangusa kidevu cha mtoto, pale ambapo mkanda wa helmeti ulikuwa umeacha vipele vyekundu. Alimpulizia mtoto shingoni, mtoto akakunja mabega na kucheka.

Kuna jambo fundi hakuwa akilisema, na ndilo lililokuwa likimsukuma. Kibonge alipozaliwa, ni yeye baba aliyekisogeza kitanda cha mtoto hadi ukutani, ili uso uelekee mlangoni, na yeye akirudi kazini aonwe wa kwanza. Na alionwa kweli. Kwa miezi mitatu mtoto alilala kageuza shingo upande ule ule, akiukodolea macho mlango, mpaka fuvu lile laini likabonyea kulia. Daktari alimweleza mara mbili kwamba huwatokea watoto wengi na si kosa la mtu. Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Ijumaa alifika saiti na kifaa alichokiunda kwa mabaki ya plaiwudi: rula yenye mikono miwili, mmoja umekazwa, mwingine unateleza. Unapima kutoka kona ya kushoto ya paji la uso hadi upande wa kulia wa kisogo, kisha unapima kinyume chake, halafu unatoa tofauti. Alikuwa na hakika kwamba vichwa vya watu wazima ni sifuri, na alitaka ushahidi wa kumwekea mkewe mezani.

"Kaa hapo, usitingishike," alimwambia mpaka rangi mmoja.

"Unanipimia jeneza?"

"Nakupimia kichwa. Tulia bwana."

Mpaka rangi akatoka na milimita tano. Fundi alidhani amekosea, akarudia, zikawa tano zile zile. Fundi bomba, saba. Mama anayewauzia chai, ambaye alivua kilemba kwa sharti kwamba atakayecheka leo hanywi, sita. Hapo saiti nzima ikasimamisha kazi. Watu walipanga foleni huku wakipiga kelele kama wako mpirani, na aliyepata tatu akabebwa juu juu. Msimamizi alikuja akifoka, akakalishwa kwenye ndoo, akapimwa. Kumi na moja! Watu wakavunjika mbavu, naye msimamizi akawa anajipapasa kisogo. "Miaka hamsini na mbili! Na mama yangu hajawahi kuniambia!"

Walipimwa watu kumi na sita. Sifuri haikupatikana.

Mtu mwingine angekata shauri la kuacha hapo hapo. Milimita alirudi nyumbani mbio, orodha mfukoni, macho yanang'aa.

"Mama Kibonge, hakuna hata mmoja! Hata mmoja! Unaelewa maana yake? Wetu atakuwa wa kwanza!"

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kilipomwisha akasema, "Baba Kibonge, hebu nikuulize. Hizo nne ukizifikisha sifuri, utakisahau kile kitanda?"

Fundi akaichomoa orodha mfukoni.

"Mtoto hana shida na milimita nne. Daktari hana. Mimi sina. Hizo nne ni zako, mume wangu, na unataka mtoto akuvalie helmeti."

Ilimchoma, tena ilimchoma pale penyewe. Alikaa kwenye kiti na orodha yake, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilitaka anione tu," alisema mwishowe.

"Na alikuwa anakuona. Alikuwa anakusubiri. Ungependa asikusubiri?"

Jumamosi saa tatu asubuhi ni yeye mwenyewe aliyepiga simu, kasimama wima katikati ya sebule. "Daktari, tunaacha," alisema.

"Hongereni! Basi ivueni sasa hivi, baba, na msiirudishe."

Alifungua mkanda, akaivua helmeti. Nywele za Kibonge zilikuwa zimelala kwa jasho, zikaanza kuinuka moja moja. Mtoto alitikisa kichwa kulia na kushoto, akapiga ukelele wa furaha, akashika safari ya kutambaa kwa kasi yake ya kila siku. Tangu ajue kutambaa alikuwa akiigonga miguu ya meza kwa kishindo na kuendelea na shughuli zake bila wasiwasi.

"Taratibu!" baba alipaza sauti, akiwa amechelewa.

Ko!

Kibonge alisimama pale pale. Aliitazama meza kwa mshangao mkubwa, maana haikuwa tabia yake kumuumiza. Kisha mdomo ukapinda na kilio kikatoka, kilio cha nguvu hasa.

Mama alinyanyuka lakini baba alishafika. Alimnyakua, akamkumbatia, akapatafuta pale palipogongwa kwa midomo, akapabusu. Miezi mitano mizima mchana kutwa alikuwa akibusu plastiki. "Pole mama, pole, pole," alisema, akabusu tena, na tena, nywele zile mbichi zikimgusa pua, machozi yanamtiririka na meno yote yako nje. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi zikaisha, mtoto akakilaza kichwa chake shavuni kwa baba.

"Mama Kibonge! Nimembusu kichwani akanyamaza!" alitangaza, kana kwamba mkewe hakuwa amesimama pale pale akitazama.