Jivu la Mama Jirani

Mwaka 2012, nikiwa mwalimu mgeni Lodwar, nilipanga nyumba iliyotazamana na vilima vya mchanga. Kila alasiri upepo ulituletea mchanga hadi ndani ya sufuria. Nikakasirika, nikajenga ukuta wa mabati upande ule, bila kuacha hata upenyo. Wiki moja baadaye mchanga ulikuwa umelala nyuma ya mabati, upande wangu, na mlango haukufunguka mpaka nichote kwa sepetu.

Jirani yangu, mama aliyesuka mikeka ya majani ya mkoma, alinikuta nikichota. Nikamwambia upepo wa kwao hauna adabu. Alikwenda jikoni kwake, akarudi na jivu kiganjani, akaliachia juu ya mabati. Jivu likaruka ukuta, likajikunja, likashuka mlangoni pangu.

“Mwalimu, umefungia upepo njia,” akasema. “Sasa hiyo upepo inaruka, inaangusha mzigo kwako. Iache ipite, lakini ipite ikiwa imechoka.”

Tuling’oa mabati pamoja, tukasimika ua wa fito zenye nafasi, mbali kidogo na nyumba. Mchanga ukaanza kujikusanya hukohuko kwenye fito, na mlango wangu ukawa unafunguka kwa kidole. Hadi leo namshukuru, zaidi kwa kuwa hakunicheka.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kakuma. Mwenyeji wangu alinikuta nimesimama nje ya nyumba mpya nikitazama upepo unakotoka, sanduku bado limefungwa, akaniuliza nahitaji nini. Nikamwomba jivu.